Gari la Noel Lililonyamaza

Ukimkaribisha Laurean nyumbani kwako, jiandae kuaibishwa na friji. Hajamaliza hata kuvua viatu mlangoni, ameshainamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe, na atakuuliza tangu lini friji yako inanguruma hivyo. Kwangu aliwahi kuniambia kwamba pampu ya boila, ile inayopasha nyumba joto, iko njiani kufa. Nikamwambia akae, ale chapati zake, aniachie boila yangu. Haikumaliza wiki, ikafa katikati ya Januari, nikashinda nimevaa koti ndani ya nyumba nikimlaani kana kwamba yeye ndiye aliyeiua.

Masikio hayo ndiyo yanayompa ugali. Anafanya kazi karakana ya treni, akikagua magurudumu na ekseli, na kabla ya London alikuwa fundi gereji Bukoba tangu alipomaliza darasa la saba. Mkewe, Eufrasia, ni mwenzangu wa kwaya, na mengi ninayosimulia hapa nimeyapata kwake tukiwa kwenye treni kwenda mazoezini. Mengine nimeyaona kwa macho yangu. Nasema mapema kwamba Laurean nampenda, ili nitakapomsema msidhani nina ugomvi naye.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Noel, muuguzi, mtu wa Ngara. Walikutana kwenye jumuiya yetu ya Barking, hapa London, enzi zile tulipokuwa tunasali kwenye sebule za watu na viti havitoshi. Noel alikulia karibu na Rusumo, akitazama malori ya Rwanda yakivuka daraja, usukani kushoto, akaapa utotoni kwamba siku moja ataendesha gari la namna hiyo. Wengine huota nyumba. Yeye alipopata uwezo alinunua Mustang ya zamani kutoka Marekani, rangi ya bluu iliyopauka, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane inayokunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda. Vaileth, mkewe, alikuwa ameomba gari la viti saba. Alinuna kwa muda mrefu, kisha akazoea.

Gari hilo lilikuwa na mlio. Sisemi injini, maana injini ilinguruma tu kama injini yoyote kubwa. Mlio ulitoka nyuma, kwenye difu, pale nguvu inapogeuzwa kwenda kwenye magurudumu. Meno ya humo yalikuwa yameliwa na miaka, na gari likishika mwendo fulani lilitoa sauti nyembamba ya kuvuta, iiiiii, ikishuka pole pole dereva anapoachia mafuta. Sisi tuliopewa lifti na Noel baada ya misa tulimtania kwamba amefuga mbu mkubwa kwenye buti. Alicheka tu. Hakuwahi kumwomba mtu yeyote autengeneze mlio huo, na naomba mlikumbuke hilo.

Kilichomsumbua Noel kilikuwa kitu kingine. Mwaka jana gia ya pili ilianza kuruka, na klachi ikawa inateleza kila akiondoka kwenye taa. Akaliingiza gari kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba yake, akalipandisha juu ya stendi, akafungua alichoweza kufungua peke yake. Giaboksi ya chuma cha zamani haishushwi na mtu mmoja, itamponda kifua. Akampigia Laurean.

"Njoo Jumamosi tuishushe."

"Jumamosi nipo," Laurean akajibu.

Jumamosi akachukua zamu ya ziada. Iliyofuata ikanyesha mvua. Nyingine alikuwa amechoka tu, amejilaza kwenye kochi anatazama mpira, simu inalia mezani, na Eufrasia alimwona akiitazama mpaka ikanyamaza. Hawakuwa wamegombana. Ni ule uzembe tunaowafanyia wale ambao tuna uhakika nao, kwamba Noel yupo, gari lipo, Jumamosi hazijaisha duniani.

Noel alianguka kazini, wodini, mchana kweupe, katikati ya wenzake wanaojua kila kitu cha kufanya mtu anapoanguka. Walifanya vyote. Hakuamka.

Tulipomaliza mazishi na matanga, Vaileth alimwita Laurean. Binti yao wa pekee, Lilian, alikuwa ameshaposwa kabla ya msiba, na baba yake alimwahidi kwamba siku ya send-off, siku ya kumuaga kwao kabla ya harusi, atampeleka ukumbini kwa Mustang. Mchumba alikubali kusogeza tarehe. Ahadi ilibaki pale pale.

"Shemeji, mimi sitaki maajabu," Vaileth alimwambia. "Lifunge tu, litembee. Limfikishe mtoto ukumbini kama baba yake alivyosema."

Laurean akaenda gereji ya nyuma kuliangalia. Gari lilikuwa bado juu ya stendi, boliti za giaboksi zimelegezwa upande mmoja. Juu ya meza ya kazi kulikuwa na glovu jozi mbili, mpya, zimelazwa bega kwa bega. Jozi moja ilikuwa saizi kubwa, na mwenye mikono mikubwa kati yao hakuwa Noel. Eufrasia anasema mumewe alirudi nyumbani siku hiyo akasimama kwenye sinki ananawa mikono kwa sabuni, ananawa tu, wakati hakuwa ameshika kitu.

Akalikokota gari hadi kwake Ilford kwa lori la kubebea magari. Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipozuka, maana gereji ya Laurean haikuwa gereji, ilikuwa stoo ya masufuria ya jumuiya. Yale makubwa ya pilau, majiko, mabeseni, mifuniko, vyote vikahamia sebuleni.

"Baba Kemi, nitawapitisha wapi wageni?" Eufrasia aliuliza.

"Watapita katikati."

"Katikati ya masufuria?"

"Siyo mengi hivyo."

Yalikuwa mengi. Niliwahi kukaa pale nikanywa chai huku kifuniko kikinichoma mgongoni. Lakini hakuna aliyemsema sana, kwa sababu tuliona anavyofanya kazi. Alikuwa akitoka zamu anaingia gereji na nguo zile zile. Aliishusha giaboksi kwa jeki na mikanda, akabadilisha meno ya gia ya pili, akaweka klachi mpya, akairudisha juu akihema. Siku alipolijaribu barabarani gia zilishika vizuri, klachi ikauma bila kuteleza. Gari lilitembea. Kile alichoombwa na Vaileth kilikuwa kimekamilika, na angelirudisha siku ile ile, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Tatizo ni kwamba kazi iliisha kabla ya aibu. Alikuwa amejitayarisha kwa kazi ndefu, ya kuumiza mgongo, ya kulala chali kwenye sakafu ya baridi, ili mwisho wake aweze kujiambia kwamba amemfanyia Noel kitu. Badala yake mambo yakaenda kama yamepakwa mafuta. Akawa anazunguka mitaa ya Ilford anatafuta ubovu, na nyuma yake difu inalia, iiiiii. Basi akaukamata ule mlio kama mtu aliyeokota kamba.

Akampigia Vaileth. "Shemeji, nimekuta difu mbovu. Ikiachwa hivi itakatika barabarani, magurudumu yagande, na mtoto yumo ndani."

Alitia chumvi, na si kidogo. Alikuwa ameshalikagua kila jino kwa tochi. Yalikuwa yameliwa, ndiyo, lakini hakuna lililovunjika wala lenye ufa. Difu ile ingelia hivyo hivyo miaka mingine mingi bila kumdhuru mtu. Laurean alilijua hilo kuliko anavyolijua jina lake la ubatizo.

Vaileth angefanya nini? Alisema, "Fanya unavyoona inafaa."

Basi akafanya. Akaagiza Marekani krauni na pinioni mpya, yaani yale meno mawili makubwa yanayoshikana ndani ya difu, na akachagua zenye uwiano mzuri zaidi ili gari likimbie barabara kuu bila injini kulalamika. Akaagiza beringi mpya na maungio mapya ya propela. Alipaka meno rangi ya njano, akazungusha, akatazama alama inapoangukia, akafungua tena, akaongeza shimu, kile kibati chembamba kama karatasi kinachosogeza pinioni, akafunga, akazungusha tena. Kazi safi. Sina ufundi, lakini hata mimi alipolipitisha mtaani kwetu nilidhani ni gari jingine. Halikutoa sauti yoyote nyuma. Lilipita kama waziri.

Na kuna jambo moja alilifanya kwa mazoea. Kule Bukoba bosi wake alikuwa na sheria ambayo wanagenzi waliishika kwa makofi, kwamba chuma ulichokitoa kwenye gari la mtu si chako. Kifunge, kiweke kwenye buti, mwenye gari akione kwa macho yake ajue kwamba hakudanganywa. Mafundi wengi kwetu hufanya hivyo. Laurean akazifuta krauni na pinioni za zamani, akazifunga kwenye kipande cha khanga pamoja na shimu zake alizozitunga kwenye waya, akaweka kwenye buti. Alifuata desturi yote ya fundi mwaminifu, na huku alikuwa amemdanganya mwenye gari.

Alilipeleka Barking Jumapili jioni. Alikata kona ya duka la chipsi, akateremka mtaa wa Vaileth taratibu, akasimama mbele ya nyumba. Alikaa kidogo ndani ya gari akisubiri. Alidhani watatoka. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, aliona hata kivuli cha mtu akipita. Hakuna aliyetoka. Mwishowe akashuka, akabonyeza kengele, Lilian akafungua.

"Oh, Uncle," Lilian akasema. Anakielewa Kiswahili chote, hata yale tunayosemea pembeni, lakini hujibu kwa Kiingereza. "I didn't hear you."

Laurean akafurahi, maskini. "Ndiyo ujue kazi! Panda, twende tuzunguke."

Wakapanda wote watatu, mama nyuma. Wakazunguka hadi karibu na stesheni na kurudi. Laurean alikuwa akieleza beringi. Lilian alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, na walipokaribia kona ya duka la chipsi akauliza, "Where's the noise?"

"Nimeuondoa!"

Gari liliposimama Lilian alishuka, akapanda ngazi hadi chumbani kwake, wakasikia mlango ukifungwa.

Laurean akabaki amesimama pale kwenye lami, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, alifungua buti akamkabidhi Vaileth fungu la khanga. Vaileth akalipokea, likamshusha mikono kwa uzito. Akalifunua.

"Hii ndiyo iliyokuwa inalia?"

"Ndiyo hiyo, shemeji."

Vaileth alipitisha kidole kwenye meno. Akamweleza, bila haraka, kwamba Lilian tangu akiwa mdogo sana alikuwa akiusikia mlio ule gari likiwa bado kwenye kona ya chipsi, na baba yake akifika mlangoni anamkuta ameshasimama. Hata alipokuwa msichana mkubwa wa chuo, amekasirika na kila mtu nyumbani, alikuwa akishuka ngazi akisikia lile gari, anajifanya amefuata maji jikoni. Yeye mwenyewe Vaileth alikuwa akiusikia ndipo anabandika maji ya ugali.

"Irudishe," akasema. Kisha akasita. "Au itakatika? Si ulisema itakatika?"

Nafasi ilikuwa hapo, wazi, pana kama mlango wa kanisa. Angesema hapana, nilitia chumvi, yangekuwa yameisha pale pale kwenye lami. Lakini mtu mzima, fundi wa watu, shemeji wa nyumba, aseme vipi kwamba alimtishia mjane kwa ajili ya moyo wake mwenyewe? Akafunga buti.

"Inaweza kukatika, shemeji."

"Basi," Vaileth alisema, akaifunika krauni na khanga. "Asante kwa kumlinda mwanangu."

Eufrasia anasema kuanzia siku ile mumewe alikuwa hali, halali. Alikaa katikati ya masufuria na televisheni imezimwa. Alipomuuliza ana nini, alijibu kwamba anasikiliza friji.

Siku ya sala ya jumuiya ilipowadia ilikuwa zamu ya nyumba ya Vaileth. Tulisali, tukaimba, zikaletwa ndizi na maharage, na kabla hatujaanza kula Vaileth alisimama. "Naomba mmshukuru Laurean," alisema. "Ameacha mapumziko yake yote. Aliona hatari mimi nisiyoijua. Ameniokolea mtoto." Tukapiga makofi, na mimi nikapiga, kwa nguvu. Laurean alikuwa anatazama sahani yake. Mhaya akiziacha ndizi zipoe kwenye sahani ujue kuna jambo, na mimi nikajua kuna jambo, ila nilidhani ni majonzi.

Baadaye nilikuwa jikoni nasuuza vyombo, Vaileth pembeni yangu anaosha. Laurean akaingia ameshika sahani iliyojaa vile vile. Hakujali kama nipo.

"Shemeji, difu haikuwa inakatika."

"Unasemaje?"

"Ile ya zamani. Imechakaa lakini ilikuwa nzima. Nilikuambia uongo. Na juzi uliponiuliza tena, nikakuambia tena."

Vaileth akafunga bomba la maji. Nilitamani ukuta unimeze, lakini mlango ulikuwa nyuma yake Laurean, na sikuweza kupita bila kumsukuma.

"Kwa nini?"

"Nilitaka nimfanyie kitu Noel."

"Kitu!" Sauti ya Vaileth ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyonitisha. "Alikuwa anakutengea glovu, unajua? Kila Jumamosi asubuhi anazipanga pale mezani. Nikamwambia, Noel, muite mtu mwingine, muite hata Alkesh hapo jirani mshikiane hicho chuma. Akasema hapana, Laurean anakuja. Nikamwambia haji. Akaniambia, 'Wewe humjui Laurean.'"

Laurean akaiweka sahani juu ya jiko.

"Nilikuwa naiona simu," akasema. "Ikilia. Nimekaa hivi, naiona."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Mpira."

Vaileth akajikung'uta maji mikononi. Nilidhani atamfukuza, na kusema kweli sehemu yangu moja ilitaka amfukuze, kwa sababu na mimi nilikuwa na simu za Noel nilizozipuuza, tulikuwa nazo wengi, na ingetufaa sana mmoja wetu afukuzwe kwa niaba ya wote.

"Leo sina msamaha wa kukupa," Vaileth alisema. "Nikiupata nitakuambia. Lakini send-off imekaribia. Chukua vyuma vyako vipya, nirudishie vya Noel. Na usiniambie Jumamosi."

Akamtolea fungu la khanga kutoka kabati la chini ya sinki. Alikuwa amelihifadhi pamoja na mafuta ya kupikia.

Gari likarudi Ilford, na masufuria yakaendelea kukaa sebuleni. Sasa hebu mfikirie fundi ambaye maisha yake yote amefukuza milio, anafungua kazi yake bora, iliyonyooka, ili aingize ubovu. Aliziweka zile krauni na pinioni za zamani na shimu zake zile zile, akafunga, akatoka barabarani. Ililia, lakini haikuwa yenyewe. Ilikuwa juu zaidi, kali, kama filimbi ya polisi. Beringi mpya zilikuwa zimesogeza kila kitu kwa unywele. Mtu mwingine angesema inatosha, kelele ni kelele. Laurean alirudi gereji akaanza upya.

Lilian ndiye aliyemtumia video. Alikuja mwenyewe hadi Ilford, akasimama mlangoni kwa gereji bila kuingia, akamwambia, "You can hear it properly in this one," na kumtumia kwa WhatsApp. Ilikuwa imepigwa kwenye kiti cha abiria, Noel anaendesha. Mlio unasikika vizuri. Katikati yake Noel anacheka, anasema, "Msikie mbu wetu, Lily. Uncle wako anakuja Saturday tushushe giaboksi. Utamsikia atakavyolalamika."

Eufrasia alipompelekea chai alimkuta mumewe amekaa juu ya sufuria la jumuiya lililopinduliwa, simu sikioni, anairudia. Aliirudia kwa ajili ya mlio, kwa kuwa ilibidi aukamate vilivyo, lakini simu haiwezi kukupa mlio peke yake. Kila alipotaka kuusikia mlio ilibidi amsikie na Noel akisema anakuja Saturday. Eufrasia alimwomba amtafute fundi mwingine amsaidie kusikiliza. Alikataa. Alifungua difu, akapunguza shimu, akafunga, akatoka, akarudi, akasikiliza, akafungua. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta, Eufrasia anasema, aliacha tu machozi yaingie kwenye ndevu huku anakaza boliti.

Siku ya send-off nyumba ya Vaileth ilikuwa imefurika wanawake. Pasi, harufu ya nywele, mtu anatafuta pini, mtu anauliza nani amekaa kwenye zawadi. Mimi nilikuwa juu chumbani namfunga Lilian kilemba, ameshapakwa rangi jicho moja, kiatu kimoja mguuni, analalamika kwamba namvuta. Hatukumsubiri Laurean kwa saa ile, alitakiwa aje baadaye.

Kwanza sikuusikia. Niliuona kwa Lilian, shingo yake ilikakamaa mikononi mwangu. Kisha nikausikia na mimi, kutoka mbali, upande wa duka la chipsi, mwembamba, unavuta, unakuja. Iiiiii. Chini sebuleni kelele zikakatika zote kwa mpigo. Ulikuwa wenyewe. Hata mimi, niliyeusikia kwa lifti za Jumapili tu, mwili ulinisisimka.

Lilian aliniponyoka. Kilemba kikafunguka, akashuka ngazi mbio na kiatu kimoja, akapita katikati ya shangazi zake bila kumwona yeyote, akafungua mlango. Nilimfuata, nikafika nyuma yake gari linapopunguza mwendo na mlio unashuka pole pole, kama alivyokuwa akiushusha Noel anapoachia mafuta. Tabasamu lilikuwa limeshafika usoni mwake kabla hajajua. Lilikuwa la mtoto mdogo.

Gari likasimama. Kwenye kiti cha kushoto alikuwa amekaa Laurean, amevaa suti, mikono yote miwili kwenye usukani. Alimwona Lilian pale mlangoni. Aliliona lile tabasamu na akaliona likikosa mahali pa kwenda, na naapa sijawahi kuona mtu mzima akijikunyata hivyo ndani ya suti. Akateremsha kioo.

"Ni mimi tu, mwanangu," akasema. "Nisamehe. Ni mimi tu."

Vaileth alikuwa ameshatoka jikoni, taulo begani. Akamshika Lilian mabega.

"Tunajua, shemeji," akamwambia. Hakusema kwa ukali. "Rudi pale kona. Uje tena."

Laurean hakuuliza. Akageuza gari, akaondoka. Vaileth akamvuta binti yake ndani na kufunga mlango, asije akamwona anayeendesha, na sote tukasimama kimya kwenye korido, wengine na pini mdomoni, tukisubiri. Lilian alikuwa amefumba macho. Mlio ulipoanza tena kule mbali, hakuna aliyefungua mlango.